Sakafu kwanza, pongezi baadaye

Wadau, kuna jambo linanikera na leo naona niliseme. Aprili 30, 2025, kule Rabat, timu yetu ya taifa ya wanawake ya futsal ilifungwa 3-2 na wenyeji Morocco kwenye fainali ya kwanza kabisa ya Afrika ya wanawake ya mchezo huo. Kufika fainali kulitosha kutupeleka Kombe la Dunia kule Ufilipino, Novemba mwaka huohuo, nalo likiwa la kwanza kwa wanawake. Tanzania ikawa moja kati ya timu 16 duniani! Tukapangwa kundi moja na Ureno, Japani na New Zealand. Haya, sasa nenda mtaani kwako, muulize binti wa miaka 14 anayependa mpira akuoneshe uwanja wa futsal ulio karibu na kwao.

Kazi yangu ni kuandika habari, lakini jioni mbili kwa wiki, nikitoka ofisini, nasaidia kufundisha wasichana 17. Tunatumia uwanja wa kikapu wa sementi, wenye nyufa. Mipira tunayo miwili.

Wengi wanadhani futsal ni chandimu ya watano watano. Sivyo hata kidogo. Mpira ni mdogo na haudundi sana. Ukitoka pembeni unarudishwa kwa mguu, na una sekunde nne tu. Timu ikifikisha faulo ya sita katika kipindi, wapinzani wanapiga bila ukuta. Binti aliyezoea kukimbia na mpira kwenye uwanja mkubwa hujikuta amebanwa kona na watu wawili hata hajajua ageukie wapi. Lazima ajifunze kutazama kabla ya kupokea, kuutuliza kwa soli, kutoa pasi na kuhama palepale. Hayo hayaingii mwilini kwa wiki mbili za kambi.

Tazama kipa. Kipa wa futsal anazuia kwa kushuka chini, goti moja sakafuni, mguu mwingine ameutandaza. Kwenye sementi ukifanya hivyo mara tatu ngozi imebaki uwanjani. Kipa wetu ana miaka 15, jasiri kweli, lakini naona kabisa ameanza kujifunza kubaki wima. Namwambia ashuke, naye ananitazama tu. Mama yake aliniambia, "Mwalimu, mkimmaliza magoti huyu, mtamuoa nyie?" Tulicheka wote, ila mzazi yule hakuwa anatania sana.

Halafu kuna suala la muda. Kiwanja kimoja cha kukodi, jina naliacha, tulishalipia saa yetu. Tumefika, wanaume wanacheza. Mhusika akasema hao ni wateja wa kudumu, "watoto" wasubiri. Mvulana anaweza kusubiri mpaka saa mbili usiku. Msichana wa Magomeni ambaye nyumbani wanamtaka kabla ya giza, akipoteza saa hiyo imekwenda.

Nikisema serikali isaidie, naambiwa mbona inasaidia michezo? Ni kweli. Tangu 2023 tunalijua Goli la Mama: lilianza na shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga kwenye michuano ya Afrika. Sina ugomvi nalo, wachezaji wanastahili. Lakini ile ni fedha inayomfuata aliyekwisha kufunga. Anayechubuka magoti leo haimfikii. Morocco hawakuokota ubingwa barabarani. Wanaume wao walitwaa Afrika 2016, 2020 na 2024, na dada zao wakaja kwenye njia iliyokwisha kulimwa. Sisi tuliwachukua wengi wa wachezaji wetu kutoka ligi ya wanawake ya kumi na moja kila upande, wakatufikisha fainali. Hapo ndipo ninapouma kidole: wangekuwa wameanza na miaka 12?

Na wala siombi kumbi za mabilioni. Uwanja wa mpira wa mikono ni mita 40 kwa 20, goli lake mita 3 kwa 2. Vipimo hivyohivyo ndivyo vya futsal! Mpira wa mikono unachezwa UMISSETA miaka yote. Maana yake kuna shule zina uwanja wa futsal na hazijui. TFF na wizara wakikaa pamoja, wakaingiza futsal ya wasichana UMITASHUMTA na UMISSETA, wakalainisha sakafu chache kila mkoa na kuwapa kozi walimu wa kike wa michezo, gharama yake haitufilisi. Walimu wa kike nimewataja makusudi. Mzazi anayenihoji mimi kijana wa kiume kwa nusu saa, mwalimu wa kike anamkabidhi binti yake pale mlangoni. Na ana haki ya kunihoji.

Kwa wakati huu, kama unafundisha shule Kinondoni au Ilala na uwanja wenu wa mpira wa mikono unalala bure jioni, niambie. Mipira tutakuja nayo.