Usipoziba Ufa: Siasa za Fedha za Reli na Wananchi wa Kasikeu

Eneo la Kasikeu, katika jimbo la Kilome, Kaunti ya Makueni, limeishi na reli kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini. Majina ya vituo vyake ni historia tosha. Mji wa Sultan Hamud ulipewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia mwaka 1896 hadi 1902, na ambaye aliuzuru ujenzi wa reli ulipokuwa umefika hapo. Kima, stesheni jirani, inakumbukwa kwa kisa cha Juni 1900, simba alipomvamia afisa wa polisi Charles Ryall ndani ya behewa akamuua. Licha ya urithi huo, garimoshi la kisasa liendalo kasi baina ya Mombasa na Nairobi halina stesheni yoyote kati ya Emali na Athi River. Mwananchi wa Kasikeu huliona likipita, hulipia gharama zake, lakini hawezi kulipandia kwao.

Hali hii haikuletwa na jiografia pekee. Ni zao la namna siasa za Kenya zilivyolishughulikia suala la kuibadilisha reli kuukuu. Kwa muda mrefu ubishi umekuwa juu ya nani atajenga, nani atakopesha na nani atasifiwa. Maswali mawili yaliyo ya msingi zaidi yameachwa kando: ni nani atakayelipa, na ni nani atakayesafiri? Makala haya yanashikilia kuwa pasipo kuyajibu maswali hayo mapema na hadharani, kila reli mpya itakuwa mwanzo wa reli kuukuu nyingine.

Mvutano kuhusu fedha za reli si jambo geni. Ulianza hata kabla ya taruma la kwanza kulazwa Mombasa mwaka 1896. Katika Bunge la Uingereza, mbunge Henry Labouchere aliupinga mradi ule kwa kejeli nyingi, akiuona kuwa ni ufujaji wa mali ya umma. Bunge liliidhinisha pauni milioni 3 mwaka 1896, lakini fedha hizo hazikutosha, na mwaka 1900 serikali ilirudi kuomba nyongeza ya karibu pauni milioni 2. Hatimaye reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 iligharimu zaidi ya pauni milioni 5. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 miongoni mwao walipoteza maisha. Waliobishana London walihesabu pauni. Wakamba, Wamasai na wengineo ambao ardhi yao ilikatwa na reli hiyo hawakuwa na mwakilishi hata mmoja katika ukumbi ule.

Baada ya uhuru reli ilikuwa mali ya pamoja ya nchi tatu za Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilichukua fungu lake, na Shirika la Reli la Kenya likaundwa mwaka uliofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika hilo lilisafirisha zaidi ya tani milioni 4 za mizigo kwa mwaka. Miongo mitatu baadaye kiasi hicho kilikuwa kimeporomoka hadi chini ya tani milioni 2. Ikumbukwe kwamba mlima haukuongezeka urefu wala bahari haikusogea mbali. Kilichopungua ni fedha za matengenezo. Mataruma yalichakaa, vichwa vya garimoshi vikakosa vipuri, mwendo ukapunguzwa ili kuepuka ajali, na wafanyabiashara wakahamia kwenye malori. Barabara kuu ya Mombasa, inayopita papo hapo Sultan Hamud, ikabeba mzigo ambao haikukusudiwa kuubeba.

Mwaka 2006 serikali iliikabidhi reli hiyo kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Matumaini yalikuwa kwamba mwekezaji angeleta mtaji ambao Hazina haikuwa tayari kuutoa. Mkataba huo haukufika hata nusu ya muda wake. Upande wa Kenya ulivunjwa mwaka 2017. Katika mwaka huohuo garimoshi la zamani la abiria baina ya Nairobi na Mombasa lilisitisha safari zake. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kenya haikuuziba ufa kwa miaka thelathini, kisha ikalazimika kuujenga ukuta kwa fedha za kuazima.

Ukuta huo ndio reli ya kisasa. Rais Uhuru Kenyatta aliuzindua ujenzi wake Mombasa mnamo Novemba 2013. Miezi miwili haikupita kabla ya Bunge kuwaka moto. Wapo wabunge waliodai kuwa gharama ilikuwa imetiwa chumvi na kwamba kandarasi ilitolewa bila ushindani. Kamati mbili za Bunge la Taifa zilifanya uchunguzi, naye Rais akatangaza Januari 2014 kwamba mradi ungeendelea. Mnamo Mei 2014 Benki ya Exim ya China ilikubali kutoa mikopo miwili iliyofikia jumla ya dola bilioni 3.2. Gharama ya awamu hiyo ya kwanza ilitajwa kuwa shilingi bilioni 327, na ujenzi ukafanywa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation. Mabehewa ya abiria yalianza safari mwanzoni mwa Juni 2017.

Mzozo ukahamia mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba utaratibu wa kumpata mkandarasi ulikiuka sheria. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Yaani, swali la iwapo kandarasi ilitolewa ipasavyo lilipata jibu la mwisho miaka sita baada ya garimoshi kuanza kukimbia na fedha kutumika. Nazo nyaraka za mikopo zilifichwa kwa miaka minane. Ni Novemba 2022 tu, baada ya utawala kubadilika, ambapo Waziri Kipchumba Murkomen aliziweka hadharani baadhi yake. Hapo ndipo Wakenya walipojionea kwamba mmojawapo wa mikopo hiyo ulikuwa wa kibiashara, wa kulipwa kwa miaka 15, na kwamba riba yake ilipanda na kushuka kufuatana na viwango vya soko la kimataifa. Mwaka 2025 serikali iliibadilisha mikopo ya reli kutoka dola hadi yuan ili kupunguza makali ya riba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari linalofunguliwa baada ya mali kutumika halimfai sana mwenye mali.

Turudi Kasikeu. Kuanzia mwaka 2013 Wakenya wamekuwa wakilipa ushuru wa maendeleo ya reli unaotozwa bidhaa ziingiazo kutoka ng'ambo, ambao kiwango chake cha kwanza kilikuwa asilimia 1.5 ya thamani. Ushuru huu haumwulizi mtu kama anapanda garimoshi au la. Umo katika bei ya mafuta, katika tairi la bodaboda, katika kitambaa cha sare ya shule. Mkulima wa ndengu na mbaazi, muuza maembe na machungwa kandokando ya barabara, mama anayenunua mafuta ya taa dukani Sultan Hamud, wote ni wafadhili wa reli. Kwa mantiki hiyo, wananchi hawa wana haki ya kuuliza garimoshi lao liko wapi. Akitaka kulipanda lile jipya, mkazi wa Kasikeu sharti kwanza atafute matatu ya kumfikisha Emali. Anayeelekea Nairobi analazimika kurudi nyuma, upande wa Mombasa, ndipo asafiri kwenda mbele.

Wapo watakaosema kuwa hoja hii ni ya kijimbo, na kwamba garimoshi la masafa marefu likisimama katika kila kijiji halitakuwa tena la kasi. Hoja hiyo ina uzito. Reli mpya imepunguza safari ya Mombasa hadi kiasi cha saa tano, ilhali lile la zamani katika siku zake za mwisho lilikuwa likitumia zaidi ya saa kumi na mbili. Hakuna mtu mwenye busara anayependekeza manufaa hayo yafutwe. Hata hivyo, hoja hiyo ndiyo hasa inayothibitisha haja ya kuitunza njia kuukuu. Reli ya masafa marefu na reli ya wasafiri wa kila siku ni vyombo viwili vyenye kazi mbili. Kosa la wanasiasa lilikuwa kuzungumza kana kwamba kimoja kikija, kingine hakina budi kufa.

Kosa hilo si la Kenya peke yake. Chini ya mto Hudson, baina ya New Jersey na jiji la New York, yapo mahandaki mawili ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1910. Maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi huyapita kila siku. Ujenzi wa mahandaki mapya ulianza mwaka 2009, lakini mwaka 2010 Gavana Chris Christie akaufutilia mbali kwa hoja kwamba jimbo lake lingebebeshwa gharama zitakazozidi makadirio. Miaka miwili baadaye kimbunga Sandy kiliyajaza yale ya zamani maji ya chumvi, yakaharibika zaidi. Ujenzi mwingine ukaanzishwa, na Oktoba 2025 serikali ya shirikisho, katikati ya ugomvi wa vyama, ikatangaza kuzuia fedha zake. Ikiwa taifa tajiri kiasi hicho linaweza kuwaacha abiria wake wakining'inia kwa sababu ya malumbano ya nani alipe, basi tatizo si umaskini. Tatizo ni kwamba reli huhitaji miaka ishirini ya uaminifu, ilhali mwanasiasa huhesabu miaka minne au mitano.

Karibu zaidi na nyumbani uko mfano wa TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860, yenye mahandaki 22, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kukataa kuufadhili mradi. Ilikuwa fahari ya Tanzania na Zambia. Lakini mkopo wa kujenga haukuandamana na utaratibu imara wa kutunza, na baada ya miongo michache njia ikadhoofika hadi nchi hizo mbili zikaingia katika mazungumzo mapya na kampuni ya Kichina ili kuifufua. Kenya nayo ina handaki lake la kilomita 4.5 katika vilima vya Ngong, kwenye kipande cha reli ya kisasa kilichozinduliwa mwaka 2019 kwa mkopo mwingine wa dola bilioni 1.5. Handaki hilo leo ni jipya. Swali ambalo halina budi kuulizwa sasa, kabla ya wanasiasa kuelekeza macho Kisumu na Malaba, ni hili: liko wapi fungu la fedha litakalolitunza litakapofikia umri wa miaka hamsini?

Kukosoa bila kupendekeza ni nusu ya kazi. Kwanza, mkataba wowote wa mkopo wa reli uchapishwe na kujadiliwa kabla ya kutiwa saini, kwani atakayelipa ndiye mwenye haki ya kusoma. Pili, sehemu maalumu ya ushuru wa reli itengwe kisheria kwa matengenezo, isiguswe kwa ujenzi mpya wala kwa marejesho ya madeni. Tatu, njia ya zamani irudishwe kazini palipo na watu. Nairobi tayari ina garimoshi la wasafiri wa kila siku linalotumia njia hiyo hadi Lukenya. Kutoka hapo njia ileile inaendelea hadi Konza, Ulu, Kiu, Kima na Sultan Hamud. Haihitajiki ardhi mpya wala fidia mpya. Kinachohitajika ni mataruma, mabehewa na nia. Mabehewa mawili ya abiria na moja la mazao kila alfajiri yangetosha kuwa mwanzo.

Atakayepinga atauliza fedha zitoke wapi. Jibu ni kwamba zimekwisha kutoka: zimekuwa zikitoka mifukoni mwa wananchi tangu mwaka 2013. Kilichobaki ni kuamua ziende wapi. Mbunge atakayekuja Kasikeu kuomba kura asiulizwe tu ameleta nini. Aulizwe alipiga kura gani siku bajeti ya reli ilipojadiliwa, na kama alitaja hata mara moja jina la stesheni iliyo nyumbani kwake.