Kushinda njaa na kilo zetu

Mama wapenzi, wengi wetu tumejaribu: chai kavu asubuhi, kisha hakuna kitu mpaka usiku. Juma la kwanza kilo zinashuka, halafu mizani inagoma. Mwili ukikosa chakula unabana matumizi, kama sisi tunavyobana makala mfuko ukielekea kwisha. Unakula hata misuli, nayo ndiyo inayotumia nguvu hata tukilala.

Tusiache maharagi na sambaza. Tupunguze mawese, kijiko kimoja kikubwa kina kalori karibu 120, nasi tunamimina bila kupima!

Wewe unayenyonyesha, usijinyime. Maziwa peke yake yanatumia kalori karibu 500 kwa siku. Mwenye kunenepa bila sababu, na uchovu na baridi kila siku, amuone muganga apimwe tezi ya shingo.