Mzaliwa Haombi Kibali

Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine wapewe hadhi maalum. Kwa miaka mingi vyama vya Watanzania walioko ughaibuni vilikuwa vikidai uraia pacha. Walidai haki, wakapewa kibali. Nikiwa hapa Chikongola, mjini Mtwara, ambako ukoo mmoja huwa na watu pande zote mbili za mto Ruvuma, nasema wazi kwamba uamuzi huo ni wa kukwepa, na wanadiaspora wanaoupigia makofi wanajipunja wenyewe.

Wanaoutetea wanasema unatosha, kwa kuwa unampa mhusika njia ya kuingia, kuishi na kupata ardhi. Wengine wanahofia usalama, kwamba mtu hawezi kuwa mtiifu kwa bendera mbili. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, Uganda na Rwanda nazo zinauruhusu, na hakuna iliyosambaratika kwa ajili hiyo. Wapo pia wanaoogopa kwamba wenye dola watakomba ardhi. Ulanguzi wa ardhi unadhibitiwa kwa sheria ya ardhi. Haudhibitiwi kwa kumvua mtu uraia wake.

Tatizo lenyewe liko kwenye kifungu cha 7 cha Sheria ya Uraia ya 1995. Mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, Utanzania wake unakoma, hata kama kitovu chake kimezikwa Mikindani. Hadhi maalum haikukigusa kifungu hicho. Mzaliwa anarudi kwao kama mgeni aliyependelewa, chini ya sheria ileile inayosimamia wageni. Uraia wa kuzaliwa hakuna waziri anayeweza kumnyang'anya raia aliyetulia nao. Kibali kina mtoaji, kina masharti, na aliyekitoa anaweza kukirudisha mfukoni.

Sisi wa Kusini tumeiona tofauti hiyo kwa macho yetu. Mwaka 2017 Msumbiji iliwafukuza Watanzania waliokuwa Montepuez, Cabo Delgado, kwenye machimbo ya rubi. Walirudi wakiwa wameacha huko jasho lao, lakini Tanzania haikuwa na hiari ya kuwakataa, maana walikuwa raia. Sasa mfikirie mwenzao ambaye, ili asikumbwe na fukuzafukuza kama ile, aliamua kuchukua uraia wa Msumbiji. Huyo sheria yetu inamwadhibu kwa kujikinga. Abaki Mtanzania, atimuliwe kule. Ajikinge kule, awe mgeni huku. Dola gani inamtega mwanawe namna hiyo?

Na asiye na haki anapofika mpakani, tunajua yanayompata. Mji wa Palma, huko Cabo Delgado, uliposhambuliwa Machi 2021, watu walivuka kukimbilia upande wetu. Julai mwaka huo UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilieleza kwamba tangu Januari zaidi ya Wamsumbiji 9,600 walikuwa wamerudishwa kwa nguvu kutoka Tanzania kupitia mpaka wa Negomano. Watu wa Palma na watu wa pwani yetu wameoana na kuzikana tangu kabla ya Mjerumani na Mreno kuugeuza mto kuwa mpaka. Undugu huo haukuwafaa kitu mbele ya aliyeshika lango. Anayetuambia turidhike na hisani ya ofisi baada ya kuyaona hayo anatuvunjia heshima.

Wapalestina wameielewa tofauti hii ya haki na hisani kuliko sisi. Azimio namba 194 la Umoja wa Mataifa, la Desemba 1948, lilitaka wakimbizi wanaotamani kurudi makwao waruhusiwe. Vizazi vimezaliwa katika makambi ya Lebanon na Jordan, wengine wana pasipoti za Jordan, na bado wanajipanga na kudai kurudi kama haki. Wao walitolewa makwao kwa vita, wenzetu wengi waliondoka kutafuta riziki. Tofauti hiyo ni kubwa na sitaki kuifuta. Ila Tanzania ya Mwalimu Nyerere, iliyosimama na Wapalestina, ilikubali kwamba kuishi mbali hakumfuti mtu kwao. Iweje tumtetee wa mbali, kisha tumfutie wa kwetu?

Kujipanga nako kuna namna yake. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale nchini Kenya, ambao wazee wao walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge, walianza safari ya miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, na mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho vya uraia. Hawakuwa na mabalozi wala kumbi za hoteli. Walikuwa na dai moja, nalo ni uraia kamili, na hawakukubali kulipunguza.

Ndugu zetu mlioko ughaibuni, acheni kushukuru kwa nusu. Nanyi wabunge wa Mtwara, ambao wapiga kura wenu wana ndugu ng'ambo ya Ruvuma, pelekeni Dodoma hoja ya kubadili kifungu cha 7. Kifungu hicho kisipobadilika, hadhi maalum itabaki kuwa kibali tu.