Mtoto wa dada amehamia kwenye trela Marekani: ametajirika au amekwama?

Wiki iliyopita mama mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi, alitupigia simu mara baada ya taarifa ya habari ya saa mbili asubuhi. Mtoto wa dada yake anayeishi Marekani amemtumia picha akiwa amesimama mbele ya trela jeupe lenye madirisha na mapazia, akamwambia mama yake mdogo kwamba hapo ndipo kwake sasa. Kijijini habari zimeshaenea kuwa kijana amenunua basi. Mjomba naye ameandaa orodha ya karo. Mama anauliza: huyu mtoto ametajirika, au amefukuzwa kwenye nyumba?

Hewani tulimjibu kwa kifupi kwamba linaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili. Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, kwa hiyo tunaeleza hapa kwa kirefu.

Trela la namna hiyo ni nyumba ndogo yenye magurudumu, inayovutwa na pikapu. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu. Mengi huundwa karibu na mji wa Elkhart, jimbo la Indiana. Yalibuniwa kwa ajili ya likizo, na kanuni za serikali ya Marekani bado zinayahesabu kuwa vyombo vya mapumziko, si makazi ya kudumu. Hapo ndipo taabu nyingi zinapoanzia: kitu kilichotengenezwa kwa wiki mbili za kiangazi, mtu anakikalia miezi kumi na miwili.

Wapo wanaoyachagua kwa hiari, kama wastaafu wanaotaka kuzunguka nchi na watu wanaofanya kazi kwa intaneti. Wakati wa korona viwanda vilipata soko la ajabu. Mwaka 2021 vilitoa zaidi ya magari na matrela 600,000 ya aina hii. Kufikia 2023 idadi ilikuwa imeshuka hadi kama 313,000.

Wengine wamesukumwa na kodi ya nyumba. Baada ya mtikisiko wa fedha wa 2008, wazee wengi waliopoteza nyumba zao walihamia kwenye magari, wakawa wanafuata vibarua jimbo kwa jimbo. Mwandishi Jessica Bruder aliwaandika katika kitabu chake Nomadland mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikatwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2021.

Kwenye picha ya simu makundi haya yanafanana: kiti cha kukunja, kikombe cha kahawa, jua linazama. Huwezi kuwatofautisha.

Tuje kwenye maisha yenyewe. Tangi la maji safi la trela la kawaida huchukua kama lita 150, yaani madumu saba na nusu. Mtu aliyezoea kufungulia bomba na kuoga nusu saa hulimaliza siku hiyo hiyo. Ninyi mnaochota kisimani mngemfundisha kuoga kwa ndoo moja na akamshukuru Mungu. Chini ya trela kuna matangi mengine, la maji ya kuoshea na la choo, na yakijaa hakuna wa kukusaidia: unaendesha hadi kituo cha kumwagia, unaunganisha mpira na kumwaga mwenyewe.

Samahani kwa wanaosoma wakila, lakini hili la choo ndilo linalowaumbua wageni wengi. Akiunganishwa na bomba la majitaka, mgeni huacha valvu ya tangi wazi muda wote akidhani anajirahisishia. Maji yanatoka, uchafu mzito unabaki chini na kukauka kama saruji. Wazoefu huifunga, wakasubiri tangi lijae, ndipo wakafungulia kwa mkupuo.

Umeme nao una kipimo. Matrela mengi hupokea ampea 30. Washa kiyoyozi na maikrowevu kwa pamoja, swichi inajikata. Majira ya baridi maji huganda kwenye mabomba, mtungi wa gesi unaisha haraka, na mvuke wa pumzi na mapishi unatona kwenye madirisha hadi godoro linaota ukungu kwa chini. Hata hewa ya ndani imewahi kuleta kesi. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, serikali iliwapa waathirika matrela, na mwaka 2008 maofisa wa afya wakataka wahamishwe haraka kwa sababu ya kemikali ya fomaldehaidi iliyokuwa ikitoka kwenye mbao za ndani.

Yote hayo mtu huyazoea. Kwa maoni yetu, jambo gumu zaidi ni mahali pa kuegesha. Kambi za kulipia zipo, na baadhi hutoza kwa mwezi. Ardhi ya serikali ya magharibi unaweza kukaa bure, lakini kwa kawaida baada ya siku 14 lazima uondoke. Karibu na Quartzsite, Arizona, serikali imetenga jangwa ambalo kwa ada unaweza kukaa majira yote ya baridi, na maelfu hufurika huko kila mwaka. Asiyeweza hayo hulala kando ya barabara.

Huko ndiko sheria imekaza. Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3, katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, kwamba kuwaadhibu watu wasio na makazi kwa kupiga kambi maeneo ya umma si adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba. Mmoja wa waliofungua kesi alikuwa akilala kwenye gari lake. Mwaka huo huo hesabu ya usiku mmoja wa Januari ilikuta zaidi ya watu 770,000 nchini humo hawana makazi.

Na kwa ndugu zetu liko jingine, ambalo kwenye picha halionekani: anwani. Mgeni anayeishi Marekani, hata mwenye kadi ya ukazi wa kudumu, kwa kawaida anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 anapohama. Barua ya wito ikienda nyumba ya zamani, hakuna atakayeipeleka kwenye trela. Wenyeji hutumia kampuni za kupokea barua, hasa Texas na South Dakota. Mgeni asifuate mkumbo huo kabla ya kuuliza wakili.

Kwa hiyo tulimshauri mama asimuulize kijana ana pesa kiasi gani. Amuulize usiku anaegesha wapi, na barua zake zinafikia wapi.

Alimpigia Jumapili. Trela liko nyuma ya nyumba ya rafiki yake wa kazini, umeme anavuta kwa waya kupitia dirishani, na alihama kwa sababu kodi ilipandishwa. Hajauliza kama mji unaruhusu kuegesha hapo. Barua bado zinakwenda kwenye nyumba ya zamani, lakini hilo ameahidi kulirekebisha wiki hii. Mjomba ameambiwa karo isubiri.