Kigae cha Athens na Kususiana Kwetu

Neno la Kiingereza «ostracism», ambalo wasomi wetu hupenda kulitamka kila mtu anaposusiwa na jamaa zake, halikuzaliwa Uingereza. Asili yake ni Uyunani, katika neno «ostrakon», yaani kigae cha chombo cha udongo kilichovunjika. Nalo ni ndugu wa jina lao la chaza, huyu tumwokotaye pwani maji yakitoka, kwa ajili ya gamba lake gumu.

Watu wa Athens, karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, walikuwa na kanuni yao. Kila mwaka raia huulizwa: je, mwataka kura ya vigae? Wakikubali, hupangiwa siku, na kila mmoja huandika juu ya kigae jina la yule amwonaye ni hatari kwa mji. Pasipotimia kura 6,000, hapana jambo. Zikitimia, mwenye vigae vingi huuhama mji miaka 10. Lakini tazameni, waungwana: mali yake haiguswi, uraia wake haufutwi, na muda ukiisha hurejea kwao. Aristides alitolewa mwaka 482, akaitwa arudi mwaka 480 Waajemi walipouvamia mji, na hapana aliyeona haya kumhitaji.

Hila nayo haikukosekana. Katika miaka ya 1930, ndani ya kisima kimoja ubavuni mwa kilima cha Acropolis, vilifukuliwa vigae 190 hivi vyenye jina la Themistocles, na hati zake zikaonekana ni za mikono 14 tu. Viliandikwa mapema, vikawekwa tayari kugawiwa. Hayo ya kura hatuna haja ya kuwafasiria wasomaji wetu.

Sasa wako miongoni mwetu wanaotaka fulani asinunuliwe dukani mwake na maiti wake asizikwe nasi, kwa kuwa kadi yake si yetu. Nao huliita jambo hilo kwa neno hili la Kiyunani. Sisi twasema hawana haki nalo. Wao hawakuhesabu kura, hawakuweka muda, na mali ya mtu ndiyo waanzayo kuigusa. Atakaye mtu asusiwe na alete jina mkutanoni, ataje kosa, ataje na siku ya kurejea. Hadi hapo, sisi tutampimia mchele kila ajaye na pesa yake.