Pano juu ya nyumba, panya chini yake: kazi ya fundi haijaisha

Jioni moja taa zilizimika nyumbani kwangu, hapa Bukavu. Haikuwa delestaji, kwa sababu nyumba yangu inawaka kwa pano mbili za jua zilizo juu ya mabati. Kesho yake fundi alikuja, akapima, akatikisa kichwa: « Dada, bateri imekufa. » Nilinunua ingine kwa dola 180, feza niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya minervali ya watoto.

Siku tano baadaye, giza ilirudi. Safari hii nilimwita fundi mwingine, kijana wa kata yetu. Hakugusa bateri. Alipanda juu ya nyumba, akafungua pano moja, kisha akaniita: « Dada, panda ngazi ujionee mwenyewe. » Chini ya pano kulikuwa kiota cha majani makavu na vipande vya sashe, pamoja na mavi ya panya. Nyaya zote mbili zilikuwa zimetafunwa mpaka shaba inaonekana. Na kwenye bati kulikuwa alama nyeusi ya moto, kubwa kama kiganja cha mkono.

Bateri yangu ya kwanza haikukufa. Ilikosa chakula tu. Feza imepotea, nimeisha kuzoea. Lakini ile alama nyeusi ndiyo inanifanya niandike leo, kwa sababu watoto wangu wanalala chini ya bati lile.

Tunajua namna nyumba zetu zimejengwa. Kule Kadutu na katika kata zingine nyingi za mji huu, mbao inagusa mbao, bati linagusa bati, na gari la kuzima moto haliwezi kupita katika vijia. Sisi waandishi wa habari tunakuja kuhesabu nyumba zilizoungua, tunaandika kwamba chanzo ni kuran, kisha tunapita kwa habari ingine. Sisemi kwamba panya ndio wanachoma mji. Nasema kwamba chini ya pano ni mahali ambapo hakuna mtu anayepaangalia, na tunazidi kuweka pano kila siku.

Kuna jambo ambalo wakaaji wengi hawajaelezwa. Kuran ya pano si sawa na ile ya nguzo. Ile ya nguzo inageuka mara nyingi kwa kila sekunde, na kila ikigeuka, cheche inapata nafasi ya kuzimika. Ile ya pano inaenda upande mmoja bila kupumzika. Waya ukikatika nusu, cheche inaweza kuendelea kuruka pale pale, zaidi sana ambapo pano nyingi zimeunganishwa kwa mfuatano. Tena pano haina kitufe cha kuizima. Jua likiwa juu, inatoa kuran, hata kama umezima kila kitu ndani ya nyumba. Ongeza hapo kiota cha majani makavu, na umeelewa hatari yenyewe.

Kwa nini wanyama wanapapenda? Kati ya pano na bati, fundi huacha nafasi ya sentimita 10 ao zaidi. Mvua haifiki, paka haingii, na kuna joto. Njiwa na shomoro wanajenga humo. Panya naye meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo ni lazima atafune kitu, na ganda la waya ni laini. Ndege hatafuni waya, lakini analeta majani, na mavi yake yakikauka juu ya kioo, sehemu ile inabaki kama iko kivulini: haitoi tena kuran, na inaweza kupata moto kuliko sehemu zingine mpaka pano inaharibika.

Wengine wakiisha kuona hayo, wanakimbilia kuziba ile nafasi kwa mbao, kwa musi ao kwa saruji. Hilo ni kosa. Pano inahitaji hewa chini yake. Ikipata joto, inapoteza nguvu, karibu asilimia 0,3 hadi 0,5 kwa kila digrii moja inayopita 25. Tena musi panya anaitafuna kama mkate. Wengine wanaweka sumu ya sokoni. Sumu hiyo inaweza kuua paka wa jirani na bundi, ambao ndio wanatusaidia kukamata panya, na mtoto anaweza kuiokota. Na panya akifia chini ya pano, harufu yake itakaa nawe wiki nzima.

Dawa ni kitu cha kawaida: grilaji. Si ile ya kuku, ambayo ni nyembamba na ina matundu makubwa. Tafuta ile ya chuma kisichoshika kutu upesi, yenye matundu ya milimita 6 hivi, kwa sababu panya mdogo wa nyumbani anapita hata katika tundu ambalo kidole chako hakiingii. Inakatwa vipande, inazungushwa pande zote nne za pano mpaka igusane na bati, ikifuata mawimbi yake, na inashikwa kwa vibanio kwenye ukingo wa fremu. Usikubali mtu atoboe fremu ya pano: maji yanaweza kuingia, na garanti yako inaweza kuishia hapo. Hewa itapita, panya hatapita.

Nyaya nazo zisilale juu ya bati. Zifungwe juu, kwenye fremu, na pale zinaposhuka kuingia ndani ya nyumba zipite ndani ya tiyo ngumu. Fizibo iwekwe karibu na bateri, ili waya ukigusana na mwenzake kuran ikatike mara moja. Mti wa avoka wenye tawi linalofika kwenye paa ni ngazi ya panya: kata tawi, acha mita mbili.

Kabla ya kufunga grilaji, angalia vizuri kama hakuna vifaranga ao panya waliobaki ndani. Vifaranga vikiwa humo, ngoja viruke. Kiota cha zamani usikifagie kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lake linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Kinyunyizie maji kwanza, funga kitambaa puani, vaa gants. Wasomaji wetu wa Ituri, ambako tauni haijaisha, hawahitaji kuelezwa kwamba viroboto vya panya si vya kuchezewa. Na kazi yote hiyo ifanywe na fundi, asubuhi mapema, pano zikiwa zimetengwa na bateri na kufunikwa blanketi.

Kwangu kazi hiyo yote, nyaya mpya na grilaji na mkono wa fundi, ilikula dola 35. Bateri ambayo sikuihitaji ilikula 180. Ndiyo sababu nasema wazi: fundi anayeshuka kwenye ngazi bila kufunga chini ya pano hajamaliza kazi.

Mafundi wana jibu lao, na nimelisikia: « Dada, nikiandika grilaji kwenye devi, mteja anakwenda kwa mwingine aliye na bei ya chini. » Ni kweli. Sisi wanunuzi tunauliza pano ina wati ngapi, bateri ina amperi ngapi, na tunabishana bei mpaka dola ya mwisho. Hatuulizi nyaya zitapita wapi. Basi tuanze kuuliza. Na ninyi mafundi, andikeni grilaji kwenye mstari wake peke yake ndani ya devi, mteja aione, na akiikataa, ajue amekataa nini. INPP na shule zetu za ufundi wanaweza kufanya somo hili kuwa sehemu ya kazi yenyewe, si kitu cha kuongeza kama feza imebaki.

Lakini wa kuulizwa zaidi ni wale wanaotoa pano kwa niaba ya wengine. Vituo vingi vya afya katika vijiji vyetu vinahifadhi chanjo ndani ya frigo za jua. Chanjo nyingi zinapaswa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Frigo za kisasa za aina hiyo hazina bateri: waya unatoka moja kwa moja kwenye pano. Zimetengenezwa kushika baridi kwa siku tatu hivi jua likikosekana. Panya akikata waya siku ya Ijumaa na muuguzi asipotambua upesi, kufika wiki inayofuata chanjo za watoto wa eneo zima zinaweza kuwa za kutupa. Na katika kijiji ambacho fundi anatoka mbali kwa pikipiki, kama barabara iko salama, nani atapanda juu kuangalia?

Kwa hiyo mashirika, wabunge na viongozi wa mkoa wanaokuja kukata utepe mbele ya kamera, tunawaomba waonyeshe pia chini ya pano. Katika kila mradi, grilaji na tiyo viwe ndani ya mkataba, na mtu mmoja wa pale pale afundishwe kuangalia mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa mvua na mwisho wake.

Najua wengine watasema: watu wanakufa kwa vita, bei ya unga inapanda, na wewe unatuandikia juu ya panya. Nakubali kwamba tuna shida kubwa kuliko hii. Lakini katika nyumba nyingi, pano ndiyo kitu cha bei kali kuliko vyote. Ndiyo inachaji simu tunayopokelea habari za ndugu waliokimbia. Ndiyo inawasha taa ya mama anayeuza sambaza usiku. Ikiungua, wengi wetu hatuna feza ya kununua ingine.

Ndugu msomaji, kesho mchana simama nje, tazama paa lako. Ukiona jani kavu linatokeza chini ya pano, ukiona mavi meupe kwenye ukingo, ao ukisikia usiku kitu kinakimbia juu ya bati, usingoje taa izimike. Mwite fundi, na umwambie kabla hajafika aleta grilaji.