Saikolojia ya jamii na ianzie Kibomet

Muhula uliopita, mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Kibomet, karibu na mji wa Kitale, alinieleza kwa ufasaha jaribio la Muzafer Sherif lililofanywa Oklahoma, Marekani, mwaka 1954. Wavulana 22 waligawanywa katika makundi mawili kambini, wakashindanishwa kwa zawadi, na kwa muda wa siku chache wakawa wanatukanana na kuchomeana bendera. Uhasama ulipungua pale tu walipolazimika kushirikiana kutatua shida zilizowakabili wote, ikiwemo ya maji. Nilimwuliza jaribio hilo linatufunza nini kuhusu Trans Nzoia, ambako majirani walifukuzana mashambani mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Akatabasamu. "Hilo haliulizwi katika mtihani, Daktari," akanijibu.

Simlaumu. Saikolojia ya jamii huchunguza jinsi mawazo na matendo ya mtu yanavyoathiriwa na watu wengine, hasa kundi analojihesabu kuwa lake. Ni ajabu basi kwamba kijana aliyekulia miongoni mwa Wabukusu, Wasabaoti, Wakikuyu, Wakisii na Waturkana anafundishwa somo hili kana kwamba kwao hakuna makundi. Mimi ni mtu wa isimu, na yamkini wenzangu wa saikolojia wataniona nimeruka ua na kuingia shambani mwao. Na wanisamehe.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba ushahidi wa kwetu upo. Mwaka 1965 watafiti waliwahoji watu 1,500 kutoka makabila 30 ya Kenya, Uganda na Tanganyika, kumi katika kila nchi. Marilynn Brewer na Donald Campbell walichapisha matokeo katika kitabu mwaka 1976. Walichogundua hakilingani na porojo za majukwaani. Watu waliwaamini wa kabila lao kuliko wengine, naam, lakini kulipenda kundi lako hakukumaanisha kuwachukia wengine. Isitoshe, watu walielekea kuvutiwa zaidi na makabila yanayofanana na lao kwa lugha na mila, na yale waliyopata nafasi ya kukutana nayo. Ni wanafunzi wangapi wa vyuo vikuu vyetu wamewahi kukishika kitabu hicho? Katika madarasa yangu sijamwona hata mmoja.

Upo pia utafiti wa Edward Miguel, uliochapishwa mwaka 2004, uliolinganisha wilaya ya Busia, jirani ya Bungoma, na Meatu ya Tanzania. Katika Busia, shule zilizokuwa mahali penye makabila mengi zilichangiwa fedha kidogo na wazazi. Katika Meatu mchanganyiko wa makabila haukuleta athari hiyo. Mtafiti aliihusisha tofauti hiyo na siasa ya ujenzi wa taifa nchini Tanzania, Kiswahili kikiwemo. Ulinganisho wa wilaya mbili hauwezi kumaliza ubishi, lakini mwalimu mkuu anayehangaikia madawati angefaa kuujua.

Nirudi kwenye lugha, ambako nina haki ya kusema. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki. "Madoadoa" na "kwekwe" yalikuwamo. Mkulima wa Kitale hahitaji kuelezwa kwekwe hufanywa nini. Ila chuki haingoji maneno makali kama hayo. Huanza darasani, kwa kicheko.

Kisabaoti, kama lugha nyingine za Kikalenjini, hakitofautishi maana kwa sauti k na g, wala t na d. Katika Lubukusu nako, g na d hutokea baada ya king'ong'o tu, kama katika ng na nd. Maana yake ni kwamba mtoto wa Kisabaoti na mtoto wa Kibukusu hujikwaa mahali pale pale wanaposoma Kiswahili, na kila mmoja humcheka mwenzake! Swali zito ni hili: je, mwalimu naye, anaposikia lafudhi hiyo, humwona mtoto kuwa mzito wa akili na kumpa alama kwa mujibu wa dhana hiyo?

Njia ya kulichunguza swali hilo inajulikana tangu mwaka 1960, Wallace Lambert na wenzake walipoitumia Montreal, Kanada. Msomaji mmoja husoma kifungu kimoja mara mbili, kwa sauti za watu wa jamii mbili. Wasikilizaji, wasiojua kwamba ni mtu yule yule, huulizwa ni yupi mwerevu, yupi mwaminifu. Hakuhitajiwi maabara. Chumba cha walimu kinatosha, na maswali yaulizwe kwa Kiswahili, kwa kuwa maoni ambayo mtu huyatoa kwa Kiingereza mara nyingi ni yale anayodhani msomi angependa kuyasikia.

Nimependekeza kila mwanafunzi wa somo hili afanye uchunguzi mmoja wa aina hiyo kwao kabla ya kuhitimu. Wenzangu kadhaa wanapinga: walimu watatahayari, na huenda kabila likazungumzwa waziwazi. Hofu hiyo naielewa, na kwa hakika majina ya shule na ya walimu yapasa kufichwa. Lakini kabila tayari linazungumzwa Kibomet kila siku. Chuoni ndiko linakonyamaziwa. Yule mwanafunzi wangu amekwisha kurekodi zile sauti mbili kwa simu yake. Anangoja kibali cha idara.